Kabla Hujafunga Virago, Uliza Utarudi Vipi



Ndugu yangu, dada yangu, kama unaishi kwenye zile nyumba za zamani za kaunti hapa Mombasa, iwe ni Khadija, Tudor, Mzizima, Changamwe au Likoni, maneno haya ni yako. Na kama huishi huko lakini mshahara wako unakatwa kila mwezi pesa ya nyumba, pia ni yako.

Tuanze na hiyo pesa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini Machi 2024. Inakukata asilimia 1.5 ya mshahara wako kabla ya makato mengine, na mwajiri wako anaongeza kiasi hicho hicho. Kama unalipwa shilingi 30,000, wewe unatoa 450 na tajiri anatoa 450. Hiyo ni 900 kwa mwezi, 10,800 kwa mwaka. Na si walioajiriwa tu. Sheria inagusa pia mwenye duka na mama wa mahamri, manake inataja mapato, haitaji mshahara peke yake. Kwa hivyo mtu asikwambie nyumba hizi ni hisani ya mheshimiwa fulani. Ni jasho lako.

Sasa wacha tuambiane ukweli. Mimi kazi yangu ni kuzunguka mitaani kuita watu mikutanoni. Mwaka jana nikapata habari kwamba kuna kikao cha kuchukua maoni ya wananchi kuhusu mipango ya mtaa mmoja. Kikao chenyewe kimepangwa Ijumaa, saa sita na nusu mchana. Ijumaa, saa sita na nusu, mtaa ambao nusu ya wanaume wako msikitini! Ukumbi uko mbali, nauli kwenda na kurudi ni ya mtu kujiuliza mara mbili. Nilipofika nikapewa karatasi za Kiingereza, kurasa nyingi, na mchoro wa magorofa yamezungukwa na miti. Wapangaji wenyewe niliowahesabu hawakufika ishirini. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami, ameishi kwenye nyumba ile tangu enzi za manispaa, akanigusa bega akaniuliza, "Mwanangu, hapa wameandika mimi nitakwenda wapi?" Nikatafuta ukurasa kwa ukurasa. Haikuandikwa. Tukaambiwa tutie saini daftari la waliohudhuria, tukapewa soda, tukaondoka. Ukienda kwenye faili leo utakuta imeandikwa: wananchi walishirikishwa.

Hapo ndipo shida ilipo. Sisi hatupingi nyumba. Nani atapinga nyumba? Nyumba zile zimechoka, mabati yanavuja, vyoo vimejaa, familia tatu zinabanana vyumba viwili. Mwenye kusema zibaki vile vile hajalala humo wakati wa mvua. Lakini kujenga nyumba ni jambo moja, na kujua nani atalala ndani yake ni jambo lingine. La pili lisipoandikwa mapema, la kwanza litamnufaisha mwingine.

Sheria yenyewe inagawa watu kwa mapato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni wa nyumba za jamii. Kati ya 20,000 na 149,000 ni wa nyumba nafuu. Juu ya hapo kuna fungu lake pia. Sasa tazama mtaani kwako. Kibarua wa bandarini anayepata kazi siku tatu kwa wiki yuko fungu gani? Mjane anayeuza viazi karai? Hao ni wa chini ya 20,000. Kwa hivyo mradi ukija, swali la kwanza si "ni nyumba ngapi?" Swali ni "ngapi kati ya hizo ni za fungu la chini?" Magorofa kumi yanaweza kuitwa nafuu yote na bado mama yule asipate hata bedsita.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu tunaliogopa kimya kimya: malipo. Mpango mkubwa ni kulipia nyumba polepole kwa miaka mingi, na ndani yake mna riba. Waislamu wengi watajitoa hapo hapo, si kwa sababu hawana pesa, ni kwa sababu ya dini yao. Na njia ipo. Hapa Kenya benki za Kiislamu zimefanya kazi tangu 2008, na kununua nyumba kwa ushirika, ambapo fungu lako linakua na la benki linapungua, si kitu kigeni. Kama pesa inakatwa kwa Muislamu na asiye Muislamu sawasawa, basi na mlango wa kuingilia uwe wa wote. Hatuombi upendeleo, tunadai usawa.

Kisha maji. Mombasa yetu inakunywa maji ya kutoka mbali, Mzima na Baricho, na bado tunanunua mitungi kwa mkokoteni. Ukibomoa mtaa wa nyumba za chini ukaweka magorofa ya familia mara tatu au nne, maji yatatoka wapi? Maji taka yataenda wapi? Watoto watasoma shule gani? Hayo ndiyo maana ya mipango ya mji. Mchoro wenye miti si mpango.

Najua wapo watakaosema, "Nyinyi mnachelewesha maendeleo. Mwekezaji akisikia kelele atakimbia." Mimi nasema kinachochelewesha ni kesi, na kesi huja pale watu walipofichwa mambo. Muandikie mpangaji haki yake mapema, mkononi mwake, uone kama hatakubeba begani. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Na mwaka 2021, kwenye kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba kule Nairobi, Mahakama ya Juu ilisema hata waliojenga kwenye ardhi ya umma bila hati wana haki ya makao inayolindwa. Ikiwa wao wana haki, itakuwaje mpangaji aliyelipa kodi miaka arobaini aambiwe hana la kusema?

Basi tufanye nini? Kulia barazani hakutoshi.

Kwanza, tafuta karatasi zako leo. Risiti za kodi, kitabu cha nyumba, barua yoyote ya manispaa au kaunti. Kama nyumba imeandikwa jina la marehemu babu, anza kulishughulikia hilo sasa, msingoje siku ya kuhesabiwa mkaanza kugombana ndugu kwa ndugu.

Pili, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Omba mkataba wa mradi na orodha ya wapangaji. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo.

Tatu, wakiitisha kikao, nendeni wengi na mkiwa na maswali yaliyoandikwa. Haya yafaa kuanzia:

1. Nyumba ngapi ni za wenye kupata chini ya 20,000?
2. Mpangaji wa sasa ameandikiwa wapi kwamba atarudi, na kwa bei gani?
3. Wakati wa ujenzi ataishi wapi, kodi atalipa nani, kwa miezi mingapi?
4. Asiyetaka riba atalipa kwa njia gani?
5. Ardhi inabaki ya nani?

Nne, kama kikao kimewekwa Ijumaa mchana, kataeni kwa barua mapema, na muombe siku nyingine, mahali pa karibu, kwa Kiswahili. Mkiwa mmekaa kimya, kikao kitafanyika na daftari litajaa majina ya wengine.

Na usitie saini ya kuhama kwa sababu umeonyeshwa pesa. Pesa ya kuhama huisha. Ukikaa nje mwaka na nusu ukilipa kodi ya mwenye nyumba wa kawaida, utashangaa ilivyopukutika, na nyumba ya kurudia huna.

Yule mzee bado yuko nyumbani kwake. Wiki iliyopita nilimpelekea nakala ya barua tuliyoandika, yenye muhuri. Akaikunja, akaiweka ndani ya mfuko pamoja na risiti zake. Akaniambia, "Sasa angalau na mimi nina karatasi."

Tafuta yako. Kisha mgongee jirani mlango, naye atafute yake.

Wabillahi tawfiq.