Aliyelala Buenos Aires Bado Yuko Nairobi

Juzi nilimsikia mtangazaji wa kipindi cha safari redioni akiwaasa wanaojiandaa kwenda Amerika Kusini: ukifika hotelini oga, funga mapazia, lala mpaka mwili wenyewe utosheke; siku ya kwanza usiihesabu. Mgeni wake studioni, muuza tiketi, akaitikia kila neno. Nikazima redio. Ushauri huu nimeusikia kwa mabosi, kwa mashemeji, hata kwa wahudumu wa ndege, na kila niliyemwona akiufuata amezunguka wiki nzima na macho mekundu akilalamika kwamba jetilegi ya huko ni kali.

Si kali. Wanaifuga wenyewe.

Chukua Buenos Aires. Saa za pale ziko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa sita kamili. Msafiri anatua asubuhi, anasubiri chumba (na hoteli zinazomkalisha mtu aliyevuka Atlantiki kwenye kochi hadi saa tisa alasiri, ilhali vyumba vimeshasafishwa, hazina utu), kisha akipewa ufunguo tu anajitupa kitandani. Saa tisa alasiri ya Buenos Aires ni saa tatu usiku ya Nairobi. Amelala muda uleule anaolala kwake Umoja au Sinza. Saa sita usiku atakodoa macho, maana nyumbani kumekucha. Pasipoti imegongwa muhuri wa Argentina, lakini mwili haujaondoka.

Mwaka 2017 wanasayansi Hall, Rosbash na Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi seli zinavyotunza majira ya siku. Na kinachoirekebisha saa hiyo ya mwilini kuliko kitu kingine chochote ni mwanga unaoingia machoni. Anayekwenda magharibi anahitaji saa yake irudishwe nyuma, na mwanga wa kuirudisha ni wa alasiri na jioni. Ndio huohuo mtangazaji wetu anaotuambia tuufungie mapazia!

"Mwili hausemi uongo," wananijibu. "Ukidai usingizi, upe." Basi mwili huohuo ukidai chai na mandazi saa saba za usiku, mbona mnaulaumu? Wengine wanasema kutembea na usingizi katika mji mgeni ni kujitakia kuibiwa simu. Simu huibwa Kariakoo pia, na sijasikia mtu akilala mchana kwa sababu hiyo.

Toka nje. Baada ya chakula cha mchana anzia Plaza de Mayo, mbele ya ikulu ya Casa Rosada, ushike Avenida de Mayo kwa miguu kuelekea bungeni, Congreso. Barabara inakwenda magharibi, jua la alasiri linakupiga usoni, nawe ndilo unalolitaka. Chini yako inapita treni ya Línea A, iliyofunguliwa mwaka 1913, ya kwanza ya chini ya ardhi Amerika Kusini. Iache kwanza, huko chini hakuna jua. Ukivuka Avenida 9 de Julio mwezi Novemba utakuta mijakaranda imechanua zambarau, na ile tunayojivunia Nairobi asili yake ni pande hizo. Jioni wenyeji wana merienda yao, kahawa na medialuna, kama chai yetu ya saa kumi, kisha hawagusi chakula cha usiku hadi saa tatu au nne. Desemba jua huzama saa mbili usiku imeshapita. Kwa mtu wa Afrika Mashariki anayehitaji kuchelewa kulala, mji mzima uko upande wake.

Na ikiwa ni Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, utawakuta akina mama wa Plaza de Mayo na vitambaa vyeupe kichwani, wakiuzunguka uwanja kama walivyoanza mwaka 1977 kuwadai watoto wao waliotekwa na utawala wa kijeshi wasionekane tena. Niliwahi kusafiri na mwanahabari mwenzangu aliyekuwa akisoma habari zao tangu chuoni. Tulifika Alhamisi. Akalala. Alhamisi iliyofuata tulikuwa tumesharudi nyumbani. Hilo sijaweza kumsamehe yule aliyemshauri apumzike.

Kuna pia wanaokimbilia vidonge. Watanitajia watafiti wa Chuo Kikuu cha Quilmes, jirani na Buenos Aires kwenyewe, waliochapisha mwaka 2007 kwamba sildenafil, ile dawa ya nguvu za kiume, iliwasaidia hamsta kuzoea haraka ratiba mpya ya mwanga. Wasome vizuri. Ratiba hiyo ilisogezwa mbele, kama kwa anayesafiri kwenda mashariki. Sisi tunakwenda magharibi, tena si hamsta.

Wanaonikera zaidi ni waandaaji wa mikutano. Wanatupakia kwenye minara ya vioo ya Puerto Madero, wanatuandikia "mapumziko" kwenye ratiba ya siku ya kwanza, halafu kesho yake wanashangaa wajumbe wa Afrika wakisinzia saa nane mchana. Lifuteni neno hilo. Andikeni Avenida de Mayo, kwa miguu, kuanzia saa nane mchana hadi jua lizame, na chakula cha usiku saa tatu.