Kuhani wa Kukodi

Kuna neno limezoeleka hapa Ujiji: "Mtumishi atatuombea." Linasemwa mtoto akiugua, linasemwa dagaa wakiadimika ziwani, linasemwa kesi ikifika mahakamani. Kisha sadaka inatumwa kwa simu, chupa ya mafuta ya upako inanunuliwa, na mwenye shida analala. Tunasema wazi: hiyo si imani. Hicho ni kibarua amepewa mtu mwingine.

Ugonjwa huu ni wa kale, na Maandiko ya Wayahudi, ambayo ndiyo Agano letu la Kale, hayakuuficha. Someni Waamuzi 17 na 18. Mika, mtu wa vilima vya Efraimu, alikuwa na nyumba ya miungu. Akamwajiri kijana Mlawi awe kuhani wake kwa fedha kumi kwa mwaka, pamoja na mavazi na chakula. Akajipa moyo kwamba sasa Bwana atamtendea mema, maana ana Mlawi nyumbani. Katika sura hizo mbili hatusomi hata mara moja kwamba Mika mwenyewe aliomba.

Wakapita Wadani 600 wenye silaha. Wakamwuliza yule kuhani lipi bora kwake, kuhudumia nyumba ya mtu mmoja au kabila zima. Moyo wake ukafurahi; akabeba sanamu, akaenda nao. Mika aliwafuata akilalamika, akaona wamemzidi nguvu, akarudi mikono mitupu. Ndiyo hatari ya dini ya kukodi: mwenye dau kubwa huondoka nayo.

Tusidhani hayo yaliishia Efraimu. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa waumini waliokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Hatuwahukumu marehemu, shida zao zilikuwa za kweli kama zetu. Lakini tunauliza: ni fundisho gani linalomfanya mtu aamini kwamba Mungu yuko hatua chache mbele yake, na akichelewa hamkuti?

Mtazameni Hana, katika 1 Samweli 1. Kuhani Eli alikuwepo Shilo, ameketi penye mwimo wa mlango. Hana hakumkabidhi machozi yake. Aliumimina moyo wake mwenyewe, midomo ikicheza, sauti haisikiki, hata kuhani akamdhania amelewa. Baraka ya Eli ilikuja baadaye, juu ya maombi ambayo mama huyo alikwisha kuyaomba.

Wapo watakaotujibu: je, Musa hakuwaombea watu? Aliwaombea. Nasi tunawaheshimu wachungaji wetu, na kuombeana ni wajibu. Lakini Musa huyohuyo, katika Kumbukumbu la Torati 30, aliwaambia watu kwamba neno haliko mbinguni wala ng'ambo ya bahari, hata watafute wa kuwavukia na kuwaletea. Liko karibu nao sana, kinywani na moyoni. Sisi wa Ujiji tunajua maana ya ng'ambo: ziwa liko mbele yetu, na Kongo iko upande wa pili. Kwa Mungu hatuhitaji nauli ya boti.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi, ndugu zetu, kabla ya kumpigia mtumishi simu, pigeni magoti. Mchungaji akija, awakute mmeshaanza.