Wema si Mkopo



Miezi miwili iliyopita, Dominika moja baada ya Misa ya pili, tuliketi na vijana wetu wa VIWAWA katika ukumbi wa parokia. Ajenda ilikuwa moja tu: kuunda kikundi kitakachoweza kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024, na vijana wetu hawakutaka kuachwa nyuma tena. Wako waliotaka kuteremsha kabichi na njegere za Mgeta hadi mjini Morogoro, na wako waliotaka kufungasha mdalasini na pilipili manga za Matombo.

Dakika ishirini hazikuisha kabla kikao hakijatekwa na Wakorea. Kijana mmoja alisema kikundi chetu kiwe kama kile cha kwenye tamthilia ya Start-Up. Mwenzake akamjibu kwamba tamthilia ile ilimdhulumu mwanamume mwema kuliko wote. Hapo ukumbi ukagawanyika pande mbili, na kabichi za Mgeta zikasahaulika. Tuliwatazama wakibishana kwa ukali ambao hatujawahi kuuona katika mafundisho ya Biblia, tukaondoka tukiwa na jambo moyoni. Kisha tukaazima flashi, tukaitazama tamthilia yote, sehemu 16, jioni baada ya jioni, ili tusije tukahukumu tusichokijua.

Kwa wasioijua, tueleze kwa kifupi. Tamthilia hii ilirushwa nchini Korea Kusini na kituo cha tvN kuanzia Oktoba hadi Desemba 2020, na ikaenea duniani kupitia Netflix. Ni habari ya vijana wanaoanzisha kampuni za teknolojia. Binti Seo Dal-mi, aliyeigizwa na Bae Suzy, amelelewa na bibi yake muuza vitafunwa. Zamani bibi huyo alimhifadhi yatima aitwaye Han Ji-pyeong, na kwa kuwa mjukuu wake alikuwa mpweke, alimwomba kijana huyo amwandikie barua binti kama rafiki. Yatima akaandika kwa jina aliloliokota gazetini: Nam Do-san, mtoto aliyeshinda mashindano ya hisabati. Miaka 15 baadaye Han Ji-pyeong ni mwekezaji tajiri. Binti anamtafuta mwandishi wa barua. Mwekezaji anamtafuta Nam Do-san wa kweli, ambaye kampuni yake inayumba, na kumwomba ajifanye ndiye aliyeziandika. Mwishowe binti anampenda na kuolewa na Nam Do-san, hata baada ya kuujua ukweli wote.

Ni mwisho huo uliowakasirisha watazamaji, hapa kwetu na duniani kote. Hoja yao tuliisikia ukumbini, na tungependa kuieleza kwa haki. Wanasema: ni nani aliyeandika barua zilizomfariji mtoto yule? Han Ji-pyeong. Ni nani aliyekuwa mshauri wa kampuni, akatoa ujuzi wake na usingizi wake? Han Ji-pyeong. Na yule mwingine alifanya nini, zaidi ya kuvaa jina lake mwenyewe kama vazi la kuazima na kupokea mapenzi yaliyojengwa na barua za mtu mwingine? Kijana mmoja alisimama akapaza sauti: shukrani ya punda ni mateke! Akapigiwa makofi.

Hatudharau hoja hiyo. Kumwonea huruma yatima ni dalili ya moyo ulio hai. Nam Do-san naye si malaika: alikubali uongo, na uongo ule ulimjeruhi binti. Anayesema hivyo anasema kweli, ingawa asisahau kwamba uongo ule walikuwa nao wote wawili, na bibi pia. Lakini kutoka huruma hadi hukumu ya ukumbini kuna hatua moja, na hatua hiyo ndiyo tunayoipinga leo kwa nguvu zetu zote. Watazamaji hawakuishia kusema kwamba Han Ji-pyeong alistahili shukrani. Walisema alistahili kupewa binti. Yaani wema wake ulikuwa malipo ya awali, na mwili na moyo wa mwanamke vilikuwa bidhaa iliyocheleweshwa kufikishwa kwa mnunuzi.

Mtatuambia, Baba Paroko, hiyo ni tamthilia tu. Laiti ingekuwa hivyo! Imani hiyo tunaishi nayo hapa Morogoro. Binti mmoja wa milimani, ambaye ameturuhusu tuyaseme haya bila kumtaja, alikuja ofisini kwetu na mchumba wake kuandikisha ndoa. Tulipomhoji peke yake, kama ilivyo desturi kabla ya kutangaza ndoa kanisani, tulimwuliza kwa nini anaolewa. Hakusema anampenda. Alisema, “Baba, amenilipia chuo miaka miwili. Nyumbani wananiambia nimekula fedha ya mtu.” Tulisimamisha tangazo. Wazazi walikasirika, na mchumba alikasirika zaidi, kwa maneno yale yale tuliyoyasikia ukumbini: mimi ndiye niliyemfikisha hapo alipo.

Ni mara ngapi tumesikia maneno hayo? Nimemsomesha. Nimemfungulia duka. Nimemvisha. Kila neno kati ya hayo laweza kuwa sifa njema, na kila moja laweza kuwa pingu. Kipimo ni kile kinachofuata. Anayesema, nimemsomesha, na ninafurahi amefaulu, alitoa. Anayesema, nimemsomesha, kwa hiyo ni wangu, hakutoa kitu. Alikopesha kwa siri, kwa masharti ambayo mkopaji hakusomewa, na dhamana aliyoishika ni mtu.

Sheria zinajua tofauti hiyo kuliko watazamaji wetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari, na kifungu chake cha 71 kinamruhusu aliyetoa zawadi kwa sharti la ndoa, na ndoa isifungwe, kudai mahakamani arudishiwe zawadi hiyo. Tuone vizuri: hurudishwa zawadi, harudishwi mtu. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unasema vivyo hivyo. Kanuni ya 1057 inafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa, na kwamba hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuziba nafasi ya ridhaa hiyo. Kanuni ya 1062 inaongeza kwamba hata aliyeahidiwa ndoa hana haki ya kudai ifungwe. Anaweza kudai fidia ya hasara, basi. Ikiwa ahadi iliyotamkwa haimfanyi mtu kuwa mali, barua zilizoandikwa kwa jina la mwingine zitamfanyaje?

Tunawaomba vijana wetu watazame upya mtu ambaye ukumbini hakutajwa hata mara moja: yule bibi. Ndiye aliyemfungulia yatima mlango wa kibanda chake alale. Ndiye aliyemtunzia akiba katika akaunti yake mwenyewe, na kijana alipoondoka akamkabidhi yote, pamoja na viatu vipya. Na alimwagaje? Alimwambia kwamba akifanikiwa si lazima amtafute, bali akipatwa na shida arudi. Angalieni jinsi maneno hayo yanavyopindua hesabu za dunia. Mkopeshaji hukuambia, ukipata, njoo. Bibi alisema, ukikosa, njoo. Mtu mwenye mtaji mdogo kuliko wote katika habari ile ndiye pekee aliyetoa bila kuandika daftari.

Mabibi wa namna hiyo hawatoki Korea tu. Hapa Uluguru, ambako kwa desturi ya Waluguru mtoto huhesabiwa ukoo wa mama na ardhi ya ukoo hufuata upande huo, ni wangapi kati yetu waliopelekwa shule na ndizi za bibi, zilizoteremshwa kichwani hadi barabarani? Ni yupi kati ya mabibi hao aliyetuandikia ankara? Sote tunaijua methali ya tenda wema uende zako. Tunaiandika kwenye kanga na kwenye magari. Ugumu uko katika sehemu yake ya pili: kwenda zako.

Msituelewe vibaya, hatupingi mikopo. Mkopo ulio wazi, wenye kiasi, muda na riba inayojulikana, ni jambo la haki, na ndiyo maana tunawahimiza vijana waunde kikundi chao. Tunachopinga ni deni linalovuka mpaka wake na kummeza mdaiwa. Nyote mnaijua mikopo ya kausha damu: mama anakopa mtaji wa nyanya, na mwisho wake kadi yake ya benki iko mikononi mwa mwingine na godoro limetolewa nje majirani wakiona. Mnazijua pia programu za simu ambazo, ukichelewa siku moja, huwatumia ujumbe wa aibu watu walio katika orodha yako ya namba. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Tunapowaona wakopeshaji hao tunalia kwamba wananunua utu wa watu. Basi tusiwapigie makofi wanaofanya hivyo hivyo kwa jina la mapenzi.

Wala sisi mapadre tusijitoe katika lawama hii. Tumewahi kumlipia mtoto ada, kisha tukashangaa kwa uchungu alipoacha wito tuliomtarajia, au alipoacha kuja kutusalimu. Katika uchungu ule tuligundua kwamba nasi tulikuwa na daftari. Yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, aliyemhesabia baba yake miaka ya utumishi na mbuzi ambaye hakupewa, ni ndugu yetu wa karibu kuliko tunavyopenda kukiri.

Je, basi mtenda wema hapati kitu? Anastahili shukrani, na asiyeshukuru ana kosa. Tunawakemea pia wanaopokea kwa hila, wanaomwacha mtu aamini ahadi ambayo hawakuikusudia kamwe ili ada ilipwe. Huo ni udanganyifu, na kinachochukuliwa kwa udanganyifu kinapaswa kurudishwa. Lakini shukrani hutolewa na aliye huru. Ukiikamata kwa nguvu inakoma kuwa shukrani, inakuwa kodi. Tamthilia yenyewe inamheshimu Han Ji-pyeong kuliko mashabiki wake wanavyomheshimu: mwishowe inamwacha ashindwe bila kuwa mwovu, na bado ana nafasi moyoni mwa yule bibi. Mashabiki wanataka alipwe. Tunaona ni heshima kubwa zaidi kwake kuaminiwa kwamba alitoa.

Katika tamthilia hiyo, taasisi inayowalea vijana wajasiriamali inaitwa Sandbox, na asili ya jina hilo ni simulizi ya baba wa Dal-mi aliyemwaga mchanga chini ya bembea ili binti yake akianguka asiumie. Hapo ndipo tungependa mjadala wa vijana wetu uhamie. Kijana wa Mgeta akipoteza gunia 10 za kabichi kwa sababu barabara imekatika na mvua, anaangukia nini? Binti wa chuo akikosa ada ya muhula mmoja, anaangukia mikononi mwa nani? Pale ambapo ukoo, jumuiya na parokia hazimwagi mchanga, atatokea mtu mmoja mwenye fedha atakayetandika mkeka wake, na kesho atasema, umelala kwenye mkeka wangu.

Kwa hiyo, tuliporudi ukumbini juma lililofuata, tuliwapa vijana pendekezo, nao wakalikubali baada ya ubishi mkali. Kikundi kitakuwa na mfuko mdogo wa ada na wa maafa, utakaochangiwa na wote kila mwezi. Kitakachotolewa kama mkopo kitaandikwa kuwa mkopo, kwa kiasi na tarehe, mbele ya mashahidi. Kitakachotolewa kama msaada kitaitwa msaada, na mtoaji hatakitaja tena, si kikaoni wala nyumbani wala siku ya ugomvi. Yule kijana wa mateke ya punda ndiye aliyechaguliwa kuwa mweka hazina.

Na yule binti? Ukoo wake uliketi, wajomba wakakubali kwamba ada irudishwe. Inarudishwa kidogo kidogo, kila baada ya mauzo ya njegere. Aliyekuwa mchumba wake bado hatusalimii tukikutana sokoni. Tunaendelea kumsalimu, na tunamwombea.