Hakimu si Fundi wa Viraka

Ipo hoja inayopendwa na wengi, wakiwamo wanafunzi wangu hapa Dodoma: kwamba kazi ya mahakama ni kuutafuta ukweli, hivyo hakimu aachwe amwite shahidi yeyote, wakati wowote. Hoja hii ina sura ya haki, lakini ndani yake mna hatari.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inairuhusu mahakama kumwita shahidi katika hatua yoyote ya kesi, na inailazimisha kumwita pale ushahidi wake unapoonekana kuwa wa lazima kwa uamuzi wa haki. Siupingi uwezo huo. Mbeba mizigo wa Soko la Majengo anayesimama kizimbani bila wakili aweza kuokolewa nao. Ninachopinga ni kuugeuza sindano ya kushonea viraka vya upande wa mashtaka.

Tuseme mbeba mizigo huyo ameshtakiwa kwa kukutwa na bangi. Jamhuri imefunga ushahidi bila kumleta askari aliyekitunza kielelezo. Mshtakiwa anajitetea, anaonyesha pengo hilo. Ndipo hakimu, kwa hiari yake, anamwita askari yule. Mshtakiwa ameadhibiwa kwa kujitetea vizuri! Na mpinzani aliyesaidiwa si mnyonge: ana Jeshi la Polisi, Mkemia Mkuu wa Serikali na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka.

Waliotutangulia waliliona hili. Mwaka 1927, katika shauri la Harris, Mahakama ya Rufani ya Jinai ya Uingereza ilitengua hukumu kwa kuwa shahidi aliitwa na mahakama baada ya utetezi kufungwa. Ilisema kwamba katika hatua hiyo shahidi aitwe tu kwa jambo lililozuka bila kuweza kutazamiwa. Mwaka 1966, katika Fatehali Manji, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikataa kesi kusikilizwa upya ili mashtaka yazibe mapengo yake. Ikiwa mahakama ya rufani haiifungulii Jamhuri mlango huo, kwa nini hakimu aipitishe dirishani?

Wataniuliza: mwenye hatia aachiwe kwa uzembe wa mwendesha mashtaka? Nami nawajibu: nani amekwisha kumwita mwenye hatia? Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa hivyo. Uzembe wa ofisi utibiwe ofisini, usilipwe kwa miaka ya mtu gerezani.

Sheria tayari inazipa pande zote haki ya kumdodosa shahidi huyo, na ahirisho ili kujiandaa. Hayo hayatoshi. Bunge linalokutana hapa Dodoma liongeze mipaka mitatu: hakimu azisikilize pande zote na kuandika sababu zake kabla ya kumwita shahidi, mshtakiwa aruhusiwe kuleta ushahidi wa kumjibu, na utetezi ukishafungwa, asiitwe shahidi wa kuujazia mashtaka ushahidi ambao wangeweza kuuleta mapema. Hakimu akishaufuata ushahidi mwenyewe, ni nani atakayebaki kuupima?