Gondor ilipungukiwa watu kabla ya kuvamiwa

Msomaji wa The Lord of the Rings hupita na mashujaa wa J.R.R. Tolkien katika nchi nzuri zisizo na watu: magofu juu ya vilima, barabara zilizomezwa na majani. Wengi humlaumu Sauron, adui mkuu wa hadithi, peke yake, lakini Tolkien alitupa sababu nzito zaidi. Mwaka 861 wa Enzi ya Tatu ya ulimwengu huo, wana watatu wa mfalme wa Arnor, ufalme wa kaskazini, waligombana, ukagawanywa vipande vitatu, na vyote vikaangamia kimoja baada ya kingine. Kusini, ufalme wa Gondor ulipigana wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1432 hadi 1448, na jiji la Osgiliath likateketea. Kisha ikaja tauni ya 1636: ikamuua Mfalme Telemnar na watoto wake wote, na ngome za kuichunga Mordor, nchi ya Sauron, zikabaki bila walinzi. Linaloniuma zaidi ni lile analolieleza Faramir, nahodha wa Gondor: wafalme walijenga makaburi ya fahari kuliko nyumba za walio hai, wakayathamini majina ya mababu kuliko ya wana wao. Ndiyo maana hobiti Pippin anapoingia Minas Tirith, jiji kuu la Gondor, anakuta majumba makubwa yenye maandishi ya kale juu ya milango, na ndani kimya. Adui wa nje huvuna shamba lililokwisha kutelekezwa na wenyewe. Taifa linalotaka kuishi na lipatanishe ndugu mapema, na liwatangulize watoto wake mbele ya makaburi.