Mashangingi yameondoka, chanjo je?

Februari 2022 Malawi ilitangaza kuwa mtoto wa Lilongwe amepooza kwa polio, kwa virusi vyenye asili ya Pakistan. Ugonjwa ukawa kwa jirani. Mwezi uliofuata Serikali ikakumbuka kuwa Mbeya ina mpaka. Wachanjaji wakapita nyumba kwa nyumba Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, watoto wakitiwa matone mdomoni na wino kidoleni. Mei ikawa zamu ya nchi nzima, Iringa ikiwemo. Septemba 2023, baada ya polio ya aina nyingine kuonekana Rukwa, Mbeya ikarudiwa.

Hatupingi kampeni hizo. Zilihitajika, na Mei 2024 mlipuko wa Malawi na Msumbiji ulitangazwa kwisha. Tunachohoji ni kinachofuata mashangingi yakisharudi mjini.

Matone yale ni ya polio tu. Hayazuii surua, kifaduro wala pepopunda. Mtoto anayezaliwa leo Kilolo anatakiwa kuchanjwa siku za mwanzo, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18. Hapo hakuna wino wala spika. Kuna mama, kadi ya kliniki na njia ya mlimani yenye utelezi wakati wa masika. Akifika akaambiwa dawa imeisha, au jokofu limezimika, atarudi mara ngapi? Ile safari ya miezi 18 ndiyo inayoachwa kirahisi kuliko zote, maana mtoto keshakimbia uani na anaonekana mzima. Nako surua haisamehi: kuizuia kunataka watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa hawapendi likumbushwe. Januari 2021 Rais Magufuli alizibeza hadharani chanjo za korona. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa hadharani. Serikali ni ile ile, chama ni kile kile. Mzazi wa Mufindi aliyesikia kauli zote mbili atatofautishaje sindano ya korona na ya surua? Shaka hiyo ilipandwa Ikulu, na haiondolewi kwa kumkaripia mama kwenye foleni.

Wachanjaji waliogonga kila mlango bila shaka waliwakuta watoto wasiowahi kufika kliniki. Je, majina yao yaliandikwa na kukabidhiwa zahanati, au kilichohesabiwa ni matone tu? Wino hufutika.

Tunataka huduma ya mkoba, ile ya muuguzi kupeleka chanjo vijijini, iwe na tarehe isiyoahirishwa na pikipiki yenye mafuta. Tunataka fedha hizo zitoke mfukoni mwetu, kwani wafadhili nao wana yao: Juni 2025 Marekani ilitangaza kusitisha mchango wake kwa Gavi, shirika linalosaidia nchi kama yetu kununua chanjo.

Wabunge wa Mbeya na Iringa, bajeti ya TAMISEMI ikisomwa, acheni kugonga meza kwanza. Ulizeni: jokofu la zahanati likiishiwa gesi, nani analipa, na kwa kasma ipi?