Pasipoti Hufa Kabla ya Siku Yake

Mwananchi aliyekwisha kupata pasipoti huiweka sandukuni pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya kiwanja, akiamini kwamba maadamu tarehe ya mwisho iliyopigwa chapa ndani yake haijafika, njia ya kwendea ng'ambo i wazi. Imani hiyo si sahihi. Twaona ni wajibu wetu kulisema jambo hili waziwazi, kwa sababu wanaoumizwa nalo zaidi ni wale wasio na uwezo wa kununua tikiti mara mbili.

Nchi nyingi hazimpokei mgeni ambaye pasipoti yake imekaribia kwisha. Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia, ambako ndugu zetu wengi huenda kutafuta kazi, na India, ambako wagonjwa wetu hupelekwa, kwa kawaida hutaka pasipoti iwe na uhai usiopungua miezi 6. Nchi 29 za Schengen, zikiwamo Ujerumani, Ufaransa na Italia, hutaka miezi 3 baada ya siku ambayo mgeni atatoka, na tena pasipoti iwe imetolewa si zaidi ya miaka 10 iliyopita. Afrika Kusini huridhika na siku 30 baada ya kuondoka. Uingereza hutaka iwe hai kwa muda wote wa kukaa huko, basi. Hakuna sheria moja kwa dunia nzima, na hapo ndipo mtu anaponaswa.

Tuchukue mfano. Pasipoti inayokwisha tarehe 30 Septemba 2027, kwa nchi ya miezi 6, mlango wake hufungwa mwisho wa Machi 2027. Mwenye nayo akifika Aprili, kwa nchi ile ni kama hana pasipoti, japokuwa kitabu chake kinasema bado kizima. Kwa hiyo pasipoti ya miaka 10, kwa kweli, ni ya miaka 9 na nusu.

Wako watakaosema kwamba masharti haya ni uonevu. Sisi hatuoni hivyo. Mgeni huweza kuugua, ndege huweza kukosekana, kesi huweza kumchelewesha; na mwenyeji hataki kubaki na mtu asiye na karatasi ya kumrudisha kwao. Nchi yetu nayo huwataka wageni wake wawe na pasipoti yenye miezi 6. Hatuwezi kulaumu kwa jirani kile tunachokifanya nyumbani.

Tunacholaumu ni ukimya. Shirika la ndege hukagua tarehe hizi kwa makini, kwani likimpeleka msafiri asiyestahili huwajibika kumrudisha, na mara nyingi hutozwa faini. Ndiyo maana msafiri huzuiwa hapa hapa nyumbani, mbele ya mizani ya mizigo. Lakini yule aliyemuuzia tikiti, na yule wakala aliyepokea fedha zake za kumtafutia kazi, walikuwa na nafasi ya kuitazama pasipoti ile wiki nyingi kabla. Kupokea fedha za mtu maskini bila kumwuliza swali moja la tarehe si biashara ya haki. Twasema mwenye kuuza safari aulize kwanza, ndipo apokee.

Kwa mfanyakazi wa mkataba jambo hili ni zito zaidi. Anayekwenda kwa miaka 2 na pasipoti iliyobakiza mwaka 1 huenda akaruhusiwa kuingia, lakini itamwishia mikononi akiwa ugenini. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, haiongezwi muda kwa mhuri. Ikiisha, huombwa mpya, na mwombaji hutakiwa kutoa alama za vidole. Mtumishi wa nyumbani aliye mbali na ubalozi wetu ulioko Muscat, Riyadh au Abu Dhabi, atapata wapi ruhusa ya kwenda huko? Na ikiwa pasipoti yenyewe imefungiwa kabatini kwa tajiri wake, hata tarehe hataiona. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unasema kwamba mtumishi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Haki hiyo aijue kabla ya kupanda ndege, si baada ya kufungiwa mlango.

Basi twawaasa wasomaji wetu. Kabla ya kulipa hata shilingi moja ya safari, fungua pasipoti uitazame tarehe. Uliza ubalozi wa nchi uendako, wala usitosheke na maneno ya barazani. Tazama pia kama kuna kurasa tupu za kupigwa mihuri. Kama umebakiza chini ya mwaka mmoja, anza sasa kuomba nyingine. Mwenye mkataba ahakikishe uhai wa pasipoti unapita mwisho wa mkataba kwa miezi 6, na aache nakala yake kwa jamaa zake.

Vyama vya wafanyakazi navyo vina kazi hapa. Tawi lolote lenye ubao wa matangazo laweza kubandika masharti haya kwa Kiswahili kinachosomeka. Pasipoti ya kawaida ilipozinduliwa mwaka 2018 ilitangazwa kwa shilingi 150,000. Fedha hizo si kidogo kwa mtu wa mshahara, lakini ni ndogo mno zikilinganishwa na tikiti iliyopotea na kazi iliyopewa mtu mwingine. Tahadhari ni kabla ya hatari. Na katika jambo hili, hatari imeandikwa kwa tarehe, na kila ajuaye kusoma aweza kuihesabu.